Jibu: Kwa nini J/psi hupungua hata protoni inapogonga risasi
Ndugu, umeuliza kwa nini chembe za J/psi (kila moja ni jozi ya kwaki charm na antikwaki yake) hupungua hata protoni inapogonga kiini cha atomu ya risasi, yaani ile metali nzito, ilhali tangu wanafizikia Matsui na Satz watoe hoja yao mwaka 1986 upungufu huo, viini vizito vinapogongana, umehesabiwa kuwa dalili ya plazima ya kwaki na gluoni, yaani hali ya joto kali ambamo kwaki, na gluoni zinazozigandisha pamoja, hazifungwi tena ndani ya protoni na nutroni. Kwa maelezo yanayotumika sana, sababu kubwa imo ndani ya kiini chenyewe, kabla hata ya mgongano. Nukleoni 208 za risasi (protoni na nutroni zake) zimesongamana, na gluoni zinazobeba sehemu ndogo sana ya momenta (kani mwendo) ya nukleoni hufunikana, hivyo idadi yake kwa kila nukleoni huwa pungufu kuliko katika protoni iliyo huru. Na kwa kuwa kwaki charm na antikwaki yake huzaliwa hasa gluoni mbili zinapokutana, J/psi nazo hupungua. Vipimo vya jaribio la ALICE pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, kwa nishati ya TeV (trilioni za elektroni-volti) 5.02, viko wazi: upande inakoelekea protoni upungufu ulikuwa takriban asilimia 30, lakini upande wa risasi haukuonekana. Kinachonivutia zaidi ni psi(2S), jozi ya aina ileile ya J/psi lakini yenye nishati zaidi, ambayo hupungua pande zote mbili. Jozi yake imefungamana kwa ulegevu, na yaelekea huvunjwa na chembe zinazotoka pamoja nayo. Ndiyo maana vipimo vya risasi kwa risasi havifai kusomwa kabla athari hizi hazijapigiwa hesabu.