Maswali ya Wasomaji: Je, mwaka wa kwanza katika chuo cha sanaa ni wa kupotea bure?

SWALI: Mhariri, binti yangu anataka kuomba nafasi katika chuo binafsi cha Rhode Island School of Design, Marekani, akasomee ubunifu wa mavazi. Tumeambiwa kwamba mwaka wa kwanza wanafunzi wote husoma masomo yale yale, fani yoyote waliyoifuata. Je, huko si kupoteza muda? Tunaomba pia historia ya chuo hicho.

JIBU: Ndugu msomaji, naomba nianze na historia, kwa kuwa ndiyo inayonisaidia kukujibu.

Mwaka 1876 yalifanyika Philadelphia maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani, na wanawake wa Rhode Island waliochangisha fedha kwa ajili ya maonyesho hayo wakabakiwa na dola 1,675. Lilikuwapo pendekezo la kuzijengea chemchemi ya maji katika bustani ya umma, lakini Helen Metcalf aliwashawishi wenzake waanzishe shule, nayo ikaanza mjini Providence mwaka 1877. Jimbo hilo lilijaa viwanda vya nguo na vito, hivyo lengo la kwanza la shule lilikuwa kuwafundisha mafundi kuchora, kufinyanga na kubuni, ili waitumie sanaa katika kazi zao. Metcalf aliiongoza hadi alipofariki mwaka 1895, na binti yake, Eliza Radeke, akaendeleza kazi hiyo.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza unaokutia shaka umebeba nia ile ile. Wanafunzi hushinda karakanani wakijifunza kuchora, kupanga rangi na maumbo, na kuunda vitu vyenye kimo na ujazo. Chuo kina pia maabara ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 1937 na mwalimu Edna Lawrence. Humo mwanafunzi huweza kuliweka mezani fuvu la mnyama au kombe la baharini, akaligeuza na kulichora upande baada ya upande, mpaka aelewe limeundwaje. Mbunifu wa mavazi aliyezoea kutazama hivyo ataujua mwili anaoukatia kitambaa, na sioni hasara yoyote hapo.

Baada ya mwaka huo binti yako ataingia katika fani yake. Ziko nyingi: mavazi, nguo, fanicha, vito, ufinyanzi, uchongaji, michoro ya vitabu, na vioo, ambavyo mafunzo yake yalianzishwa na Dale Chihuly mwaka 1969. Shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka 4, na ya usanifu majengo miaka 5. Tangu mwaka 2008 pamekuwapo pia mpango wa miaka 5 wa shahada mbili pamoja na Chuo Kikuu cha Brown, ila mwombaji sharti akubaliwe kwanza na vyuo vyote viwili.

Katika kazi atakazotuma na maombi, asiweke mitindo ya mavazi peke yake. Aongeze michoro aliyoichora akiwa anavitazama vitu vyenyewe, badala ya kunakili picha.