Kwenu mnaoanza mita 800

Wiki hii mmeingia vijana kumi na mmoja, na kabla hamjajua hata choo kiko wapi, wanne wameshaniuliza kama si kupoteza muda kubaki hapa Kampala badala ya kupanda Kapchorwa, kule mlima Elgon. Mlima ni mzuri, sikatai. Mabingwa wa Olimpiki Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wametoka upande ule. Lakini Halimah Nakaayi, aliyetuletea dhahabu ya dunia ya mita 800, ni Muganda, mtu wa kabila la Baganda. Dorcus Inzikuru, aliyechukua ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji kule Helsinki mwaka 2005, mara ya kwanza wanawake kuushindania, ni mtu wa Arua. John Akii-Bua, bingwa wa Olimpiki wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972, alikuwa mtu wa kabila la Lango, tena askari polisi. Mita 800 hazikimbiwi kwa mapafu peke yake. Nusu yake ni kasi, na kasi haiulizi umezaliwa mita ngapi juu ya bahari.

Mnaoniita afande, asanteni, ila nilishavua magwanda. Niiteni kocha. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuunganisha barakini: Mlugbara, Msabiny na Muganda, wote tulifokewa kwa lugha moja.

Sasa Doha. Kila mtu ameitazama ile fainali ya dunia ya mita 800 wanawake ya tarehe 30 Septemba 2019, aliyoshinda Nakaayi, na kila mtu anakumbuka mita hamsini za mwisho. Mimi nataka mwanzo. Ajee' Wilson wa Marekani aliongoza, kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia kwenye sekunde 58 hivi, na Nakaayi alikuwa pale nyuma yake, hapigani na mtu. Alimaliza kwa 1:58.04. Fanyeni hesabu: mzunguko wa pili ulikuwa wa takriban sekunde 60. Yaani bingwa wa dunia alipunguza mwendo! Ukiwa kwenye jukwaa unaona kama mtu ameongeza moto, kumbe wenzake ndio wanazimika haraka kuliko yeye. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia London mwaka 2012, 1:40.91, mzunguko wa kwanza ulikuwa 49.28 na wa pili 51.63. Naye alipungua. Kwa hiyo anayeniambia "kocha, mimi nina mwisho mzuri", namuuliza kwanza ana mwanzo gani.

Nayajua haya kwa uchungu. Katika mashindano yangu makubwa ya kwanza hapa nyumbani nilipita kwenye kengele kwa sekunde 51, mbele ya watu niliowasikia redioni. Uwanja ulishangilia. Nilijiona tayari niko kwenye ndege. Nilimaliza kwa 1:56, na mita mia za mwisho miguu haikuwa yangu tena. Mikono ilikuwa mizito kama nimebeba mitungi ya maji. Hesabu ya mzunguko wangu wa pili ni 65. Watu saba walinipita, wa mwisho wao akiwa mvulana wa shule aliyevaa viatu vya kuazima. Usiku ule sikula, na posho yangu, yaani ugali, aliila yule yule mvulana.

Ndiyo maana mazoezi yenu ya kwanza yatawachosha akili kuliko miguu. Nitapiga filimbi kwenye mita 200 na nitataka sekunde 30, siyo 28. Anayefika kwa 28 hatasifiwa, atarudia. Mkishaweza kuisikia sekunde 30 mwilini bila kutazama saa, ndipo tutazungumza habari ya kasi. Siku za mbio za polepole kwenye murram, nendeni polepole kweli, muweze kupiga soga njiani. Wageni wengi huziharibu siku hizi kwa kushindana hadi langoni, halafu Jumanne, siku ya kazi halisi, wamebaki makapi.

Halafu kuna jambo ninalolipenda zaidi katika fainali ile, nalo halimo kwenye medali. Aliyemaliza wa nne ni Winnie Nanyondo, Mganda mwenzake, kwa 1:59.18. Sekunde moja na sehemu kidogo tu nyuma ya dhahabu, na mikono mitupu. Nanyondo hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ameshachukua shaba ya Jumuiya ya Madola huko Glasgow mwaka 2014, kabla jina la Nakaayi halijavuma. Na baada ya mbio wawili wale walicheza ngoma ya nyumbani palepale uwanjani, dunia nzima ikitazama. Mimi nilimtazama Nanyondo tu. Mtu aliyekosa medali kwa nafasi moja, anacheza ushindi wa mwenzake.

Nimewapanga wawili wawili, na nimesikia manung'uniko. Wewe unayelalamika kwamba mwenzako ni mwepesi kuliko wewe, umepata bahati. Wewe unayelalamika kwamba wako ni mzito, siku ya mbio ndefu ya Jumapili utabadili wimbo. Anayefanya mazoezi peke yake hujidanganya: saa huisimamisha mapema kidogo, mapumziko huyarefusha kidogo.

Mtasikia pia watu wakisema Nakaayi alishinda kwa sababu Caster Semenya wa Afrika Kusini, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, hakuwepo. Ni kweli hakuwepo, kwa sababu ya kanuni za kuwataka baadhi ya wanawake washushe homoni ya testosteroni, zilizoanza kutumika mwaka huo, na ni kweli wote watatu waliopata medali ya mbio hizi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 hawakuwa kwenye ile fainali. Kanuni zile zina ubishi wake na mimi nina maoni yangu. Ila Nakaayi alikimbia mara tatu ndani ya siku nne, mchujo, nusu fainali na fainali, na wa pili, Raevyn Rogers, alimkosa kwa sehemu 14 za mia za sekunde. Anayeona hilo ni dogo aje Jumanne nimpe filimbi.

Mambo ya karatasi nitayasema kwa ufupi. Usitie sahihi mkataba wa wakala ambao hujasomewa hadi mwisho. Mimi nilitia, na pesa ya zawadi yangu ya kwanza niliisubiri mpaka viatu nilivyoishindia vikachakaa. Ukifika kiwango cha kuorodheshwa kwa vipimo vya dawa za kuongeza nguvu, utatakiwa kueleza kila siku uko wapi. Ukikosekana kwa vipimo au ukikosea taarifa hizo mara tatu ndani ya miezi 12 ni kesi, hata kama mwili wako ni safi kama maji ya maporomoko ya Sipi. Na dawa ya kikohozi, hata ile ya shangazi, ipite kwanza kwa daktari wa timu. Kazi ya polisi, magereza au jeshi msiidharau. Mshahara mdogo unaokuja kila mwezi umewafikisha wengi mbali kuliko ahadi kubwa za mtu mwenye miwani ya jua.

Kesho tunakutana langoni saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kila mmoja aje na daftari, siyo simu. Na yule ambaye muundi unamuuma tangu Jumatatu, anayechechemea akidhani nimegeuka upande mwingine: acha viatu vya misumari kitandani, njoo na raba, tuongee kabla wenzako hawajaanza kupasha mwili.