Kwa nini sehemu ya pili huangusha
Dada, umeuliza kwa nini sehemu ya pili ya katuni tuliyoipenda huwa dhaifu. Nyingi hazikulengwa kwa majumba ya sinema bali kanda za kuuzwa madukani: bajeti ndogo, muda mfupi, wachoraji wengine. Katika Aladdin, katuni ya Disney ya 1992, sauti ya Jini ni ya mchekeshaji Robin Williams. Sehemu yake ya pili, The Return of Jafar ya 1994, ikamweka mwigizaji mwingine, Dan Castellaneta. Niliwawekea wanangu zote mbili hapa Moshi, Jumamosi umeme uliporudi. Mdogo, miaka sita, ndizi mkononi, akanigeukia: “Baba, huyu siyo yule.” Hata dakika kumi hazijafika! Michoro nayo imepoa, nyuso hazina uhai ule. Inaniuma kweli, maana hadithi yenyewe ilistahili kutunzwa.