Mwalimu Anajibu: Nyota Imekataa Kukua

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nyalenda, Kisumu. Nilimnunulia binti yangu darubini ya mtumba, kartoni ikisema inakuza mara 525. Tukaielekeza kwa nyota inayong'aa kuliko zote, tukaona kitone kilekile, tena kinatetemeka. Je, nimeuziwa hewa? Na ikiwa nyota ni kitone tu, wanasayansi wanajuaje imeundwa kwa nini? – Baba Akinyi

JIBU: Hukuuziwa hewa, Baba Akinyi, ila hiyo 525 ni porojo ya kartoni. Kama mliyoitazama si sayari, basi yaelekea ni Sirius. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na bado ule wa Sirius huchukua miaka 8.6 kutufikia. Hata darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, yenye kioo cha mita 11 hivi, huiona kitone.

Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, kama paa la mabati linavyokusanya mvua: paa pana hujaza tangi, bakuli uani halijazi hata birika. Pima lenzi ya mbele. Ikiwa ni milimita 70, upana wake ni mara kumi ya mboni ya jicho gizani, hivyo huingiza mwanga mara mia. Lenzi ya kiasi hicho haikuzi kwa maana zaidi ya mara 140. Ukilazimisha, unavuna ukungu na mtetemeko. Anzeni na lenzi ya kutazamia yenye namba kubwa, 20 au 25. Ndiyo inayokuza kidogo.

Kisha kimbieni taa za mjini. Dunga panafaa usiku usio na mbalamwezi, ingawa usiku huohuo wavuvi wa omena huwasha taa zao, kwa hiyo lipeni ziwa kisogo. Januari tafuteni Kilimia: macho matupu huona nyota sita hivi, darubini huonyesha makumi. Jupita ikiwapo, Akinyi ataona miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mimi Sirius ningeiacha kabisa.

Swali la pili ndilo tamu. Chukua sidii kuukuu, utazame ndani yake mwanga wa balbu ya zamani ya waya, halafu wa enaji seva. Ya waya hutoa rangi zilizoungana kama upinde wa mvua. Ya enaji seva hutoa vipande vilivyoachana. Kila elementi ina vipande vyake, haviigwi na nyingine. Mwanga wa nyota ukipasuliwa hivyo, alama hizo huonekana kama mistari myeusi. Elementi ya heliamu iligunduliwa hivyo kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868; hapa duniani ilipatikana 1895! Rangi nayo hutaja joto, tena kinyume na bomba za bafuni: nyota nyekundu Betelgeuse ina nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, nyota ya samawati Rigel inapita 11,000.

Jua lenyewe msilielekezee darubini kamwe. Kama kartoni ina kichujio kidogo cha Jua cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia, kitupe leo: hupasuka kwa joto, jicho likiwa palepale.