Nani alitupandishia bei ya mbolea: IMF au serikali yetu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nalima mahindi Mbozi. Baba husema miaka ya tisini IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, ndiyo iliyotuondolea ruzuku ya mbolea. Diwani wetu anabisha kwamba nchi huru haipangiwi na mtu. IMF haina kura bungeni. Inawezaje kugusa bei ya mfuko wa mbolea kijijini kwetu?

Jibu: Marahaba. Baba yako yuko karibu zaidi na ukweli, ila ameruka hatua moja.

IMF haitungi sheria. Hukopesha kwa mafungu, na kabla ya fungu la kwanza viongozi wa fedha wa nchi huiandikia barua kueleza watakayotekeleza. Fungu linalofuata hutoka wakaguzi wakiridhika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa na uhaba mkubwa wa dola za kununulia mafuta, vipuri na hiyo mbolea yenyewe, na wafadhili wengi walingoja IMF ikubali ndipo nao watoe. Nchi ikishakubaliana na IMF, bajeti inapofika bungeni mipaka yake huwa imeshawekwa kwenye barua.

Hata hivyo barua huandikwa na wenyeji. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha aliyetaka tupatane na IMF, alijiuzulu mwaka 1979 kwa sababu Mwalimu Nyerere alikataa masharti. Makubaliano ya kudumu zaidi yalikuja Agosti 1986, Rais akiwa Mwinyi. Miaka yote hiyo Watanzania walibishana wao kwa wao, na hapo diwani wako ana hoja.

Sasa tazama kwetu. Zamani mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na gharama ya njia hiyo ilibebwa na serikali. Kwa bei hiyo na mbolea ya ruzuku, Nyanda za Juu Kusini zikawa ghala la taifa. Katika mageuzi yaliyoambatana na makubaliano hayo, bei moja ilipofutwa, na ruzuku kupunguzwa kidogo kidogo hadi kwisha katikati ya miaka ya 1990, umbali ulimtoza mkulima wa Vwawa, huko kwenu Mbozi, mara mbili: nauli ya mfuko kuja, nauli ya gunia kwenda. Mkulima aliye jirani na Dar hakuumia hivyo. Sera ilikuwa moja, maumivu hayakuwa sawa, na sijasahau.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Ruzuku ilirudi msimu wa 2003/04, kisha mwaka 2008 zikaja vocha za pembejeo, yaani hati za kumpunguzia mkulima bei ya mbolea na mbegu, na Benki ya Dunia, iliyounga mkono kuondolewa kwa ruzuku, ikachangia fedha za vocha hizo. Ilipoondolewa mkulima hakuulizwa, iliporudi hakuulizwa.

Siku hizi barua hizo huchapishwa. Ya mkopo wa Julai 2022, wa takribani dola bilioni 1, ipo kwenye tovuti ya IMF, kwa Kiingereza. Tafuta kijana akusomee sehemu zinazogusa matumizi ya serikali, kisha mwulize mbunge wenu kuhusu hizo kabla hajaenda Dodoma kwenye Bunge la bajeti.