Sancerre: zabibu ni ile ile, udongo si ule ule

Mkuu, umeuliza kwa nini chupa mbili za Sancerre nyeupe, mvinyo wa Ufaransa, zote za zabibu ya Sauvignon Blanc na za mwaka mmoja, moja inanukia ndimu na maua huku nyingine ikiwa nzito na imejifunga, harufu yake haijitokezi. Tazama kwanza mizabibu ilisimama wapi.

Vilima vya Sancerre, ukingo wa kushoto wa mto Loire, vina udongo wa aina tatu. Caillottes ni kokoto za chokaa juu ya mwamba wa chokaa. Udongo ni mwembamba, maji hayatuami, zabibu huiva mapema. Shamba la Chêne Marchand, kijijini Bué, ni mfano wake. Mvinyo hufunguka haraka, na wengi hunoga ndani ya miaka 2 au 3.

Terres blanches, kwangu ndio udongo bora, ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, umejaa visukuku vya chaza wadogo kama ule wa Chablis, eneo jingine la mvinyo Ufaransa. Hushika maji na hukawia kupata joto, kwa hiyo zabibu huchelewa. Mkulima akivuna kwa pupa, ukali hukata ulimi; akisubiri, mvinyo hupata mwili, yaani uzito mdomoni, na ladha haiondoki mdomoni upesi. Monts Damnés ya kijiji cha Chavignol, mteremko mkali kweli, ni wa udongo huu. Chupa yako iliyojifunga huenda ni ya huku: ipe miaka 4 au 5.

Silex ni gumegume, upande wa mashariki karibu na mto. Mawe huhifadhi joto la mchana. Mvinyo wake umenyooka, na husifiwa kwa harufu ya mawe yaliyogonganishwa.

Hapo wengi hukosea. Mzizi haunyonyi ladha ya jiwe. Udongo hutawala maji na joto, na hayo ndiyo huamua tunda litaivaje. Ukisikia harufu ya kiberiti kilichowashwa, zungusha glasi dakika 10. Ikitoweka, ilikuwa salfa ya pishini.

Ukitaka kulinganisha, tafuta chupa za mkulima mmoja, mwaka mmoja, kutoka udongo wa aina zote tatu. Baadhi huandika aina ya udongo kwenye lebo. Iliyolala kwenye pipa jipya la mwaloni iache, vanila itafunika kila kitu. Onja kwenye nyuzi 10 hadi 12. Chupa ikitoka kwenye friji, ikae mezani dakika 20 kwanza, maana ubaridi wa nyuzi 4 huzifanya zote tatu zifanane.