Mwanangu, Darwin abaki rafuni

Mwanangu Elisante,

Salamu kutoka Moshi. Umeuliza umjibu nini mjumbe wa bodi anayetaka vitabu vya Darwin juu ya mageuzi ya viumbe na tafsiri za Kurani viondolewe maktabani kwa kuwa chuo ni cha Kanisa. Usiviondoe. Wala usivifungie kabatini kimyakimya. Katalogi itaendelea kusema kitabu kipo, mwanafunzi atakitafuta asikipate, na hakuna atakayekiri nani alikitoa.

Chuo chenu hakiandai wachungaji peke yao. Mwanafunzi anasoma Biblia, historia, biolojia na fasihi kwa pamoja, ili imani yake ipambane na maswali angali ana walimu karibu. Lakini tazama namba za Dewey, zinazopanga vitabu rafuni kwa masomo: Mwanzo iko 222.11, Kurani 297.122, mageuzi 576.8. Mwanafunzi huenda kwenye namba aliyopewa darasani, akageuka, akaondoka. Rafu hazimkutanishi na chochote; kazi hiyo ni yako wewe mkutubi.

Kwa hiyo kabla muhula haujafunguliwa, waketishe pamoja mwalimu wa teolojia na wa biolojia, wakupe orodha moja ya usomaji yenye sura na kurasa. Majina ya vitabu matupu hayasaidii, maana hakuna anayemaliza kitabu kizima kwa ajili ya insha. Kitabu chenye nakala moja kwa darasa la watu 60 kikae nyuma ya kaunta, kisomwe humo humo kwa saa mbili mbili. Kikitoka nje, wa kwanza atakaa nacho hadi likizo. Kwa majarida, hakikisha chuo kimejisajili Research4Life, mpango wa mtandaoni unaofungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu.

Sasa huyo mjumbe. Mpe fomu ya ukurasa mmoja: kitabu gani, ukurasa upi unamkwaza, amekisoma chote au kipande, na angependa kipi kiwekwe kando yake. Swali hilo la mwisho hupoza wengi. Kamati ya watu watano, akiwemo mwalimu wa somo na mwanateolojia, ijibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na muda wote huo kitabu kibaki rafuni. Ila fomu bila sera ya uteuzi wa vitabu iliyopitishwa na bodi yenyewe ni karatasi tu. Anza na sera.

Akisema mkristo hana haja na ya wengine, mtajie Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri wa hapa hapa Old Moshi, aliyechapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa kwa Kijerumani juu ya sheria za Wachaga.

Ukitaka kuondoa kitu, ondoa miongozo ya kompyuta iliyopitwa na wakati inayokuja kwenye makontena ya misaada. Dai orodha kabla mzigo haujapakiwa. Ukishafika, kuukataa ni ugomvi.

Rasimu ya sera nitumie kabla ya kikao, niipitie.

Mama yako